Nahodha aliyeanguka mnazi: je, anaweza kurudi baharini?

*"Assalaam alaykum. Natokea Jambiani, Unguja. Kaka yangu ana miaka 34, alikuwa nahodha wa ngalawa, akivua na kuwachukua wageni mpaka mwambani. Miaka miwili iliyopita alianguka mnazi akavunjika mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hana hisia wala nguvu, lakini mikono yake mizima. Anatumia kiti cha magurudumu, na mkojo anautoa kwa mpira mara tano kwa siku. Ameshona nyavu barazani mpaka amechoka, sasa anasema anataka kurudi kwenye tanga. Wenziwe wako tayari kumbeba, wanasema watamfunga kwa kamba kwenye ngalawa asianguke. Mama kalia siku mbili, anasema bahari itammaliza. Mimi nimeona kwenye simu Wazungu wenye ulemavu wanaendesha mashua ndogo wamekaa kama kwenye kiti cha gari, lakini vitu hivyo hapa kwetu tutavipata wapi? Tumkatalie au tumwache?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Nianze na la kamba, maana huenda wenziwe wanatoka naye alfajiri ya kesho. Asifungwe. Si kiunoni, si miguuni, si kwa fundo la aina yoyote. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo mpelekee ujumbe sasa hivi, ndipo uendelee kusoma.

Ngalawa ikipinduka, mtu asiyefungwa huibuka pembeni na jaketi lake la kujiokoa, akashika tengo, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, akangoja. Aliyefungwa hubaki chini ya chombo, kichwa majini, akipapasa fundo lililokwisha kulowa na kukaza. Mwenye miguu mizima angejisukuma. Kaka yako hana cha kujisukumia. Woga wa wenziwe naufahamu: wanaona atateleza chombo kikilala upande. Ni kweli atateleza. Ila dawa ya kuteleza ni kiti, na kiti nitakueleza.

Sasa swali lenyewe. Mumkatalie au mumwache? Mtu wa miaka 34 aliyekuwa nahodha hakataliwi kama mtoto anayetaka kuogelea na mvua. Mgongo ndio uliovunjika. Akili yake na ujuzi wake wa upepo viko palepale. Uamuzi ni wake, na kazi yenu ni kuhakikisha akiamua anajua anachokiamua. Kwa haya uliyoniandikia, naona anaweza kurudi. Lakini si kwa ngalawa ileile, na si wiki hii.

Umenisaidia sana ulipotaja kitovu. Mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina ukanda wake wa ngozi. Usawa wa chuchu ni pingili ya nne ya kifua, usawa wa kitovu ni ya kumi. Kwa hiyo kaka yako kaumia karibu na ya kumi, na katika bahati mbaya hiyo pana nafuu kubwa: mikono anayo yote, misuli ya mbavu anayo, na sehemu ya juu ya tumbo pia. Anaweza kuketi bila kushikwa madhali alipokalia hapatikisiki. Asichoweza ni kujirudisha chombo kinaporuka ghafla. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya chini ya tumbo na ya nyonga, na kwake hiyo imelala.

Msomaji mwingine ambaye jeraha lake liko pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, naomba asiyachukue majibu haya kama yalivyo. Kwake kuna hatari ambayo kaka wa dada huyu hana, au anayo kwa nadra sana: kibofu kikijaa, mpira ukijikunja, au hata ukucha ukiumia mahali asipohisi, shinikizo la damu hupanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu. Akiwa nchi kavu hukalishwa wima, nguo zikalegezwa, sababu ikatafutwa upesi na kuondolewa, na isipotulia hukimbizwa hospitali. Akiwa katikati ya bahari mambo ni mazito. Mtu wa namna hiyo asitoke kabla daktari wake hajakubali.

Watu wengi, na mama yako mmoja wao, huamini kuendesha tanga ni kazi ya miguu. Wana sababu, kwa kuwa wanachokiona ufukweni ni vijana wanaruka huku na huku. Lakini hebu tazama wanaruka kwa nini. Upepo ukipiga tanga, chombo hulala. Kisipinduke, lazima kitu kikirudishe, na vitu vyenyewe ni vitatu tu: uzito wa watu wanaohamia upande wa joshi, unakotoka upepo, uzito uliowekwa chini kabisa ya chombo, au upana. Mashua za mashindano za Lamu hutegemea sana cha kwanza, ndiyo maana utaona mabaharia wametoka nje kabisa juu ya ubao, migongo inachapwa na mawimbi. Jahazi hutegemea cha pili, ile farumi ya mawe au mchanga tumboni mwake. Ngalawa ni ya tatu, ina matengo. Chombo kikitegemea uzito wa chini au upana, mtu anaweza kukaa mahali pamoja tangu kutoka mpaka kurudi. Na nahodha ndivyo alivyokuwa akikaa siku zote: tezi, yaani nyuma, mkono kwenye kana, mpini wa usukani, macho kwenye tanga. Wanaokimbia ni mabaharia.

Hizo mashua ulizoziona kwenye simu, zilizoenea zaidi huitwa Hansa, na zilibuniwa Australia na mtu aitwaye Chris Mitchell. Ile inayojulikana sana ni Hansa 303, jina lililotokana na urefu wake wa sentimita 303. Mwendeshaji hukaa chini, karibu na sakafu, kwenye kiti cha kitambaa kilichoning'inizwa kama kitanda cha kamba, akitazama mbele. Ubao unaoshuka chini ya maji umetiwa uzito, kwa hiyo mashua hulala kidogo kisha hujirudisha yenyewe. Usukani ni kijiti mbele ya kifua: ukikisukuma kushoto inakwenda kushoto. Tanga huviringishwa kwenye mlingoti kama mkeka. Upepo ukizidi unalipunguza bila kuinuka. Ukiitazama vizuri hutaona uchawi wowote. Farumi iko chini, mtu yuko chini, kamba zote zinamfikia alipo. Wavuvi wetu wanaijua kanuni hiyo, ila hawajawahi kumpangia chombo mtu asiyesimama.

Mtu anaweza kwenda mbali kuliko hapo. Hilary Lister, Mwingereza ambaye ugonjwa ulimwacha hawezi kusogeza chochote chini ya shingo, alivuka peke yake mkondo wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 2005, kisha mwaka 2009 akaizunguka Uingereza. Aliendesha kwa pumzi: mrija mdomoni, akipuliza usukani unageuka huku, akivuta unageuka kule, na mashine inazifanya kazi za mikono. Mwaka 2014 yeye na Nashwa Al Kindi, mwanamke wa Oman, walitoka Mumbai wakatia nanga Muscat. Bahari hiyo babu zetu waliivuka kwa jahazi wakisubiri pepo za kaskazi na kusi, kwa hiyo mama akisema haya ni mambo ya Wazungu, msimulie ya huyo binti wa Kiomani.

Na kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, je? Mchezo wa matanga ulionyeshwa Atlanta mwaka 1996, ukawa wa medali kuanzia Sydney 2000 mpaka Rio 2016, kisha ukaondolewa. Uamuzi ulitangazwa 2015, na sababu iliyotolewa ni kwamba haukuwa umeenea vya kutosha duniani. Nilihuzunika, lakini siwezi kusema walisema uongo. Pwani nzima hii yenye matanga mengi hivi, nani wetu alikuwa akishindana? Kuna jambo moja katika mashindano yale napenda uwachukulie wenziwe kaka. Kwenye mashua ya watu watatu iliyoitwa Sonar, kila baharia alipewa pointi kuanzia 1 mpaka 7 kulingana na uwezo wa mwili wake. 7 ni mwenye uwezo mkubwa zaidi. Jumla ya watatu haikuruhusiwa kuzidi 14. Hawakupima mtu peke yake, walipima kikosi kizima: huyu hana miguu, yule hana jicho, wa tatu hana mkono, na kwa pamoja wanageuza tanga. Nanyi pangeni hivyo. Msiulize kaka anaweza nini peke yake. Ulizeni watu watatu, mmoja wao kaka, wanaweza kukiendesha chombo gani.

Tuje kwenye chombo basi. Ngalawa siipendi kwa kuanzia, na najua atabisha. Ni imara kwa upana wa matengo, kweli, lakini tumbo lake ni jembamba kama shingo ya mtungi. Mtu mwenye nyonga zisizohisi hukaa juu ya ubao uliokatiza, miguu imebanwa kwenye mvungu, na akiteleza mguu unanasa bila yeye kujua. Tengo likivunjika, imepinduka. Na ngalawa iliyojaa maji si rahisi kuinyanyua hapo hapo. Kuna tena kugeuza: lazima mtu aende omo, mbele ya chombo, aizungushe foromali, ule mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti. Kaka hawezi kuwa mtu huyo, wala hahitaji kuwa, ila nafasi ya kumpisha anayepita haipo.

Chagueni mashua au dau lenye tumbo pana, litiwe farumi ya viroba vya mchanga, viroba hivyo vifungwe vyema visiserereke. Watu wawili wazima mbele, mmoja wa tanga na mmoja wa kila kitu kingine, kaka nyuma kwenye usukani. Kana ikiwa fupi iongezwe kwa kipande cha mti aifikie bila kuinama. Demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ncha yake moja ifungwe chomboni, ipitishwe kwenye kapi iliyofungwa kwenye pembe ya tanga ili nguvu ya kuvuta ipungue nusu, kisha ncha ya pili imfikie alipo, na izungushwe tu, isifungwe fundo, ili upepo ukija kwa kishindo ailegeze kwa mkono mmoja. Mikono yake ni hodari, nakubali. Lakini mabega yale sasa ndiyo miguu yake. Yakiharibika hataweza hata kuhama kitandani kwenda kwenye kiti. Msiyachoshe kwa ushujaa.

Kuhusu Hansa yenyewe: akitokea mfadhili, mshukuruni, kisha mmuulize maswali magumu. Ushuru atalipa nani? Kitanzi cha tanga kikikatika kitanunuliwa wapi? Nimeiona mashua nzuri ya msaada imegeuka banda la kuku kwa kukosa kipuri kisichozidi kidole. Na zile za hotelini, zenye matumbo mawili na wavu wa kitambaa katikati, namkataza kabisa kwa sasa. Hakuna mgongo wa kuegemea, kitambaa chenye maji ya chumvi kinakwaruza kama msasa, na zinapinduka kwa wepesi.

Haya, kiti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nilishawahi kukosea.

Mtu wa kwanza niliyemtoa kwa dau alikuwa na jeraha kama la kaka yako. Tulikunja blanketi zito, tukamkalisha, tukatandaza tanga, saa mbili nzima. Alipopewa usukani hakutazama miguu wala mikono yake. Alitazama kilele cha foromali, akalegeza demani kiasi cha shubiri bila kuambiwa, na chombo kikanyamaza, kikaanza kwenda. Tulirudi tunacheka. Kesho yake mkewe akanipigia simu. Chini ya blanketi palikuwa na fundo la kamba, halizidi kokwa ya tende. Mimi ningelihisi baada ya dakika mbili, nikajisogeza. Yeye alilikalia saa mbili. Palipokuwa pekundu pakawa peusi, peusi pakafunguka, na akalala kifudifudi wiki sita. Blanketi nililikunja mimi.

Kidonda hicho hutokea hivi: mifupa miwili ya makalio hubana nyama dhidi ya ubao, damu haipiti, nyama inakufa kimyakimya kuanzia ndani. Maji ya chumvi hulainisha ngozi, na kila wimbi linalopiga humwinua na kumtua. Kwa hiyo mto uwe wa sponji ngumu isiyonyonya maji, ya jamii ile ya kandambili, unene wa vidole vinne, mpana wa kutosha mapaja yote. Usumba na pamba havifai, vikilowa vinakuwa tofali. Na tafadhali msitumie tyubu ya gari! Kila kijiji nakuta mtu amekalishwa kwenye tyubu akidhaniwa anapumzishwa. Ile duara hubana ukingoni na kuzuia damu ya katikati. Chini ya mto pitisha kiganja chako mwenyewe, kila inchi, kila safari.

Egemeo la mgongo lifike chini kidogo ya mabega, na pembeni pawe na mbao mbili zilizofunikwa sponji, kila upande wa mbavu, zimshike chombo kikilala. Kiti kiwe chini kuliko mdomo wa chombo. Kama bado anaserereka, mkanda mmoja mpana wa velkro kiunoni unaruhusiwa, unaofunguka kwa mvuto mmoja wa mkono wowote, na afanye mazoezi ya kuufungua macho yamefumbwa mara kumi kwenye nchi kavu. Akishindwa hata mara moja, hakuna mkanda. Kamba zote ziwe ndani ya ndoo, zisizagae miguuni. Miguu ivae viatu vilivyofunika vidole na suruali ndefu nyepesi, maana hatahisi jua linapomuunguza wala mwiba wa fuma.

Kila dakika 20 au 30 ainame mbele, kifua kuelekea mapajani, au alalie upande mmoja kisha wa pili, dakika mbili hivi. Hilo linashinda kujinyanyua kwa mikono, maana kujinyanyua hakudumu na kunakula mabega. Safari ya kwanza nusu saa, basi. Mkirudi, ngozi ya makalio, nyonga na visigino itazamwe kwa kioo. Wekundu ambao haujaondoka baada ya nusu saa una maana moja: hakai tena mahali hapo mpaka upone, na kiti kinarekebishwa.

Mkojo ni jambo dogo likipangwa. Autoe mara tu kabla ya kutoka, na mkae chini ya muda wake wa kawaida. Asiache kunywa maji ili asikojoe. Wengi hufanya hivyo kwa haya, kisha joto linawapiga na maambukizi yanafuata.

Jambo ambalo huenda hakuna aliyewaambia ni mifupa. Mguu usiobeba uzito hupoteza ugumu wake haraka, na kufika miaka miwili mfupa wa paja unaweza kuvunjika kwa kudondoshwa tu kwenye ukingo wa chombo. Hatapiga kelele, kwa sababu hahisi. Mtaona baadaye mguu mmoja umevimba na una joto. Kwa hiyo asirushwe, asivutwe kwa makwapa, wala asibebwe mgongoni miguu ikining'inia. Chukueni tanga kuukuu, mkate kipande kirefu kuliko yeye kutoka kichwani mpaka magotini, mshone vishikio sita vya kamba nene. Watu wanne wanamnyanyua amekaa nusu, magoti yamekunjwa, na mmoja tu ndiye anayehesabu "moja, mbili, juu". Awe kaka mwenyewe.

Mahali penu panawasaidia na panawatesa. Ndani ya mwamba maji ni tulivu na si marefu, na kusi na kaskazi zote mbili humsukuma mtu kuelekea pwani zaidi kuliko kumtoa nje. Hapo ndipo pa kujifunzia. Lakini bamvua, maji makubwa ya mwezi, kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkikosea saa mtambeba kaka juu ya mawe na vigingi vya mwani mwendo wa mbali. Chagueni siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, mtoke maji yakiwa nusu yanajaa, chombo kinaelea magotini, mrudi kabla hayajaanza kupwa kwa nguvu. Maji yakipwa hukimbilia mlango wa mwamba, na hapo hapana mazoezi. Msianze katikati ya kusi. Ngojeni majira ya demani au maleleji, upepo unapopungua. Viwimbi vikianza kuvaa povu jeupe, geuzeni. Na siku zote kuwe na chombo cha pili chenye mashine, karibu, chenye mtu ambaye kazi yake ni kuwatazama tu.

Kabla ya hayo yote, jaketi. Wengi hudhani mtu aliyepooza miguu huzama kama jiwe. Mara nyingi ni kinyume: miguu iliyokonda huelea, inapanda juu, na ikipanda inaweza kumlaza kifudifudi. Ndiyo maana jaketi lake lazima liwe na kola nene nyuma ya shingo na mkanda unaopita katikati ya mapaja lisimpande usoni. Usiliamini kwa maandishi yake. Mpelekeni maji ya kiunoni, watu wawili pembeni, mwachieni taratibu alale chali, muone kichwa kinakaaje. Kisha yeye mwenyewe akiwa tayari, ageuzwe kifudifudi, muone kama anaweza kujipindua kwa mikono peke yake. Rudieni siku tatu. Asipoweza kujipindua, jaketi ni lingine, au safari haipo.

Kuna mambo siwezi kuyaona kwa maandishi. Kabla hajagusa chombo, aonwe na daktari na mtaalamu wa viungo, ana kwa ana, wamweleze kama mfupa wa mgongo umeshikana, kama kuna chuma ndani, mabega yakoje, na kama ngozi haina kidonda hata kidogo. Anzeni hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja; wakitaka zaidi watawaelekeza MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, au hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mafundi wa viti waliosomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, wanajua kupima mtu na kumtengenezea egemeo. Mkimpata mmoja, mwonyesheni mashua, msimwonyeshe kiti tu. Walioko Kenya waulize hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, Nairobi. Na asingoje miadi, aende siku hiyohiyo, akipata homa na mkojo uliochafuka, mguu mmoja kuvimba, kidonda kilichofunguka, au miguu kuanza kukakamaa na kuruka kuliko kawaida yake. Mwili usiohisi hutumia njia hizo kusema pana jambo.

Kuhusu mama, usimwambie asiogope. Mwanawe kaanguka mara moja mbele ya macho ya kijiji kizima, ana haki yake. Mwiteni siku ya kujaribu jaketi. Asimame maji ya magotini, aone mwanawe analala chali juu ya maji, uso juu, bila kushikwa na mtu. Nimeshawaona mama wawili wakitazama hivyo. Mmoja aliondoka kabla hatujamaliza, akaenda kupika.

Na kaka umuulize neno moja kwa faragha: anataka kurudi majini, au anataka kuonekana karudi? Akiwa na hamu ya kuwaonyesha watu, atakubali upepo asiostahili kuukubali. Mwambie siku ya kwanza hakuna kupiga picha.

Mwisho, kiti cha magurudumu. Watu humbeba mwenyewe mpaka chomboni, wakasahau kiti mchangani, maji yakajaa. Mtu mmoja abaki nacho juu ya alama ya maji makuu. Jioni kioshwe kwa maji ya kisima, magurudumu yazungushwe yakauke, vyuma vitiwe mafuta. Chumvi ikiingia kwenye gololi, mwezi hauishi kabla hakijagoma, na hapo hatafika hata barazani.